Picha za Katikati

Baba alikubali kwenda kuona filamu ya mpenzi wangu kwa sharti moja, na sharti lenyewe alilitoa akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi, kana kwamba bado anafikiria kubaki nyumbani.

"Nikiona kitu kimoja chenye uhai humo ndani," alisema, "kimoja tu, Penseli, basi wazee wake waje. Nisipokiona, msinisumbue tena na habari za Bwana Mashine."

Penseli ni mimi. Jina hilo Baba alinipa nikiwa bado shule ya msingi, kwa sababu siku zote nilikuwa na penseli nimeichomeka kwenye nywele, na sijaiacha tabia hiyo hadi leo. Bwana Mashine ni mwanamume niliyempenda kwa mwaka wa pili sasa, ambaye Baba hakuwahi kumwita jina lake hata siku moja, wala kukubali kwamba analo.

Baba alikuwa na sababu zake. Maisha yake yote alichora katuni kwa mkono, juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi juu ya karatasi. Yeye alichora mwanzo wa tendo na mwisho wake: mtu amekaa, mtu amesimama. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na kazi yangu ilikuwa zile picha za katikati: kiuno kinapoachana na kiti, goti linaposita, mkono unapotafuta pa kushika. Halafu zikaja filamu za kompyuta, wateja wakamkimbia mmoja mmoja, studio ikafungwa, meza zikauzwa. Mimi nikahamia kuchora matangazo ya dawa ya meno. Baba akahamia kiti cha sebuleni, na kuanzia hapo akawa anaizungumzia kompyuta kama mtu aliyemchukulia mke.

"Unaipa mwanzo na mwisho, inajaza katikati yenyewe," alipenda kusema mezani, kijiko kikiwa hewani. "Sasa uhai utaingilia wapi? Uhai uko katikati."

Tulikwenda wanne: Baba, Mama, mimi na dada yangu mkubwa. Dada anauza kwenye duka la dawa. Si mwongeaji. Siku hiyo alisema kichwa kinamgonga, Mama akamwambia ni aibu mtu wa duka la dawa kusingizia kichwa, basi akavaa viatu akatufuata.

Ukumbi ulikuwa chini kabisa ya jengo analofanyia kazi mpenzi wangu. Ulikuwa ukumbi mdogo, viti vya kukunja, zulia jipya linalonuka gundi. Mchana ule waliwaalika ndugu za wafanyakazi waione filamu kabla haijapelekwa kwenye majumba ya sinema. Alitupokea mlangoni, shati limenyooshwa hadi kwenye kola, na aliponitazama nilisahau hata kumsalimia. Sijui kumpenda mtu kidogo kidogo, ndilo tatizo langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Baba alijibu, akiitazama dari.

"Karibu, shemeji," alimwambia Dada.

"Asante," alisema Dada bila kuinua macho, akapita.

Walikuwa wameonana mara moja tu, nilivyojua mimi. Wiki mbili nyuma alikuja nyumbani kujitambulisha, Dada akaleta chai kwenye sinia, akaiweka, akarudi jikoni na hakutoka tena. Nilimnunia siku nzima. Nilidhani amemdharau.

Taa zikazimwa. Filamu ilihusu mama nungunungu anayemtafuta mwanawe aliyetoroka nyumbani, kwa kuwa wenzake waliogopa kucheza naye wasichomwe na miba. Ilianza na msitu unaonyeshewa mvua, kila jani na tone lake, na sungura mmoja aliyelowa manyoya. Baba aliguna.

"Maji mazuri," alininong'oneza. "Hata bomba la kwetu lina maji mazuri."

"Baba, tazama kwanza."

"Natazama. Manyoya mazuri pia. Zulia hili nalo lina manyoya."

Kisha mama nungunungu akaingia, na Baba akanyamaza.

Aliingia mlangoni kwake akiwa amebeba kuni, akatanguliza bega. Akaweka mzigo chini, akauliza watoto wengine aliko mdogo wao, na kabla hajajibiwa akalainisha aproni yake gotini, mara mbili, taratibu, kama mtu anayejipa muda wa kusikia jambo asilolitaka. Ukumbi mzima ukatulia. Huwezi kumfundisha mtu kitu kama kile. Baba alisogea mbele kwenye kiti, mikono imeshika magoti. Nilijawa na furaha, nusura nimpigie makofi mpenzi wangu palepale. Nikajisemea moyoni, basi, wazee watakuja.

Baadaye mama nungunungu alicheka. Kobe mmoja alimtania, naye akacheka, na alipocheka hakufunika mdomo. Alifunika macho, kwa mkono wa kushoto.

Mama alinigusa paja. "Si Dada huyo?" alininong'oneza huku akicheka. "Ama kweli ulimwigizia mwenzio anavyocheka."

Sikuwa nimemwigizia mtu yeyote kitu chochote.

Nilijaribu kujituliza. Watu wa mkono wa kushoto ni wengi. Wanaofunika macho wakicheka nao pengine wapo, sijazunguka dunia nzima. Lakini mama nungunungu akapanda ngazi, akaburuza ukutani upande wa nyuma wa mkono, na nyumbani kwetu ukuta wa ngazi una mchirizi mweusi ambao Mama amechoka kuupaka rangi, kwa sababu Dada hupanda hivyo hivyo tangu akiwa mtoto.

Halafu ikaja sehemu ya kituo cha treni. Mama nungunungu ameambiwa mwanawe hakuonekana. Anakaa kwenye ngazi peke yake. Halii mara moja. Anakandamiza kidevu kwa nyuma ya mkono, anainua uso juu na kutazama kana kwamba anatafuta mahali dari inapovuja, na machozi yanashukia masikioni, si mashavuni.

Dada yangu halii mbele za watu. Kwenye msiba wa bibi alipika, akafua, akapanga viti, na wageni wakasema ana moyo mgumu. Ni mimi tu niliyejua, kwa sababu tulilala chumba kimoja miaka yote ya utoto, na usiku nilimwona akiwa chali, uso juu, mkono kidevuni, mto umelowa pande zote mbili za kichwa.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo pengine ukumbi mzima tulilijua watu wawili tu, mimi na Baba. Sehemu nyingi za filamu ile zilikuwa zimejazwa na kompyuta. Ukiwa umechora picha za katikati tangu una miaka kumi na sita unaona tu. Mkono unatoka hapa unafika pale kwa utelezi, hausiti. Pale kwenye ngazi hapakuwa na utelezi. Kila kitetemo cha kidevu kilikuwa na makosa yake. Mtu alikuwa amekaa akaijaza katikati yote mwenyewe, picha moja baada ya nyingine, asiiachie mashine hata moja.

Nilimgeukia Dada. Alikuwa amekumbatia mkoba wake kifuani na amefumba macho. Filamu nzima imejaa yeye, na yeye peke yake hakutaka kuiona.

Nilitoka nikipapasa viti. Nyuma yangu nilimsikia Baba akivuta kamasi.

Mpenzi wangu alinikuta kwenye korido, karibu na meza ya maji na biskuti. Alikuwa anatabasamu. Mungu anisamehe, hata wakati ule nilipenda tabasamu lile.

"Mbona umetoka? Mzee hajapenda?"

"Mzee amependa. Chumba chako kiko wapi?"

Alinifungulia mlango wa pili kutoka mwisho. Chumba chenyewe kidogo, skrini mbili, koti kwenye kiti, kioo cha kujitazamia kimebandikwa kando ya skrini. Wachoraji wote wana kioo kama hicho. Tunajitazama wenyewe tukinuna na kucheka ili tujue uso unaendaje. Nilifunga mlango.

"Dada yangu umemjua lini?"

"Si ile siku nilipokuja kwenu?"

"Filamu umeitengeneza muda gani?"

Hapo tabasamu likaondoka. "Penseli, wewe mwenyewe umenisimulia sana habari za dada yako. Bila shaka vitu vingine vimeniingia bila—"

"Tuseme nimekusimulia anavyocheka, sawa. Tuseme nimekusimulia ngazi zetu, sawa. Analiaje, sijawahi kukusimulia."

Akatafuta kiti bila kukitazama, akakaa juu ya koti lake.

"Aliniacha kabla sijaanza filamu," alisema. "Tulikuwa pamoja karibu mwaka. Hakuwahi kunipeleka kwao. Hakuwa mtu wa kusema habari za nyumbani, unamjua. Alikuja hapa, akanikalisha kwenye ngazi za nje, akaniambia basi. Nikauliza kwa nini, akalia hivyo ulivyoona, akaondoka. Nilikuja kukufahamu wewe mwaka uliofuata, na nakuapia sikujua ni ndugu; wewe humtaji ila kwa kusema Dada. Hamfanani hata kidogo."

"Ulijua lini?"

"Alipoingia na sinia la chai."

"Na ukanywa."

"Nikanywa. Ningefanya nini?"

Nilicheka, na kicheko chenyewe kilinitisha. Nilikuwa nimekaa kando yake siku ile, najivuna, namwongezea sukari. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani kwa ajili yake. Dada alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mimi nikamnunia kwa sababu hakuja kukaa nasi.

"Ungefungua mdomo," nilisema. "Ndivyo ungefanya."

"Ulipotoka kumsindikiza yule shangazi yenu aliyepita kusalimia, dada yako alinikuta mlangoni pa jikoni. Aliniomba nisiseme. Alisema yamekwisha, na kwamba hajawahi kukuona na furaha kama ile."

"Na kwako? Yamekwisha?"

"Nakupenda wewe."

"Sikuuliza hivyo."

Nje, kwa mbali, ukumbi ulicheka jambo fulani. Akanyoosha mkono kunishika vidole, na vidole vyangu vikaenda vyenyewe, ikabidi nivirudishe.

"Na wewe umo," alisema kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka ana kitu mfukoni. "Hukuona? Yule ndege wa dirishani, anayejikuna shingo kwa kijiti kama wewe na penseli yako. Nilimweka kwa ajili yako. Nilitaka ushtuke."

Nilikuwa nimemwona. Ndege mzuri, mdogo, wa rangi ya njano. Alitokea mara tatu, na mara zote tatu watoto walicheka.

"Yule ulimpa mwanzo na mwisho," nilimwambia, "katikati ukaiachia mashine."

Mtu mwingine angeweza kubisha. Yeye ni fundi, alijua nimeona kweli.

"Na zile za kwenye ngazi?"

"Zile nilifanya mwenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Nilizirudia rudia. Miezi."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu."

"Kwa hiyo mchana kutwa unakaa hapa unamtazama Dada analia, jioni unanawa uso unakuja kunipitia kazini, unaniuliza nataka kula nini."

"Ilikuwa kazi, Penseli."

"Kazi hiyo hiyo naifanya na mimi. Hakuna anayekaa miezi juu ya kilio cha mtu asiyemtaka. Mgongo hauwezi."

Aliinamisha kichwa. Nilitamani anibishie. Nilitamani anitukane, anidanganye vizuri, aniambie nina wivu wa kijinga, nami nimwamini turudi ukumbini tumeshikana mikono. Nilimpenda hata pale, akiwa amekalia koti lake mwenyewe, na kilichoniuma zaidi ni kwamba ile sehemu ya ngazi ilikuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona vikitembea kwenye kitambaa cheupe.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Dada alisimama hapo na mkoba wake.

"Tupishe kidogo," alimwambia, si kwa ukali, na yeye akanyanyuka akatoka kama mtoto aliyetumwa dukani. Alipompita hawakutazamana. Walivyokwepana tu nikajua. Watu wawili wasiojuana hugongana mlangoni.

Dada alifunga mlango akauegemea.

"Mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwacha. Hakunifanyia ubaya wowote."

"Ulimwacha kwa nini?"

"Kwani husikii Baba anavyosema? Wiki ile walipokuja kubeba zile meza, alikaa sebuleni akaapa mtu wa kompyuta hatakanyaga kwake maadamu yu hai. Ulikuwepo. Mimi nilikuwa nimejipanga kumwambia jioni ile ile. Basi nikanyamaza, na kesho yake nikaja hapa nikamaliza."

Kiapo kile nilikikumbuka vizuri. Nilikikumbuka kwa sababu baadaye nilikipiga teke. Niligombana na Baba mwezi mzima, nikagoma kula, nikalia kwa sauti, mpaka akachoka, nikamleta mtu wa kompyuta nyumbani mchana kweupe. Haikunipitia akilini kwamba nyumba ile ile ilikuwa na mtu mwingine aliyekisikia akakitii.

"Si ungenieleza," nilisema. "Siku ile ya chai, hata kwa jicho tu."

"Ulikuja umefurahi."

"Dada!"

"Ulikuja umefurahi," alirudia. "Ungetaka niseme nini? Kwamba huyo ni wangu? Sikupigana kwa ajili yake. Wewe ulipigana."

"Bado unampenda?"

Alilainisha mkoba kwa kiganja, akauhamishia mkono mwingine.

"Ningekuwa simpendi ningeitazama filamu," alisema.

Tulisimama hivyo, kila mmoja na ukuta wake. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumsukuma, nikashindwa vyote viwili. Hakuna aliyenichukulia kitu. Kama kuna aliyechukua, ni mimi, bila kujua, kwa kelele na vishindo, na yeye amenipisha kwa adabu.

"Jikaze," aliniambia. "Nawe uso wako ni gazeti. Wanatoka."

Makofi yalisikika, kisha milango ya ukumbi, kisha watoto wakikimbilia biskuti. Tulitoka. Bwana Mashine alikuwa kwenye korido, mgongo ukutani, na kabla hajapata pa kukimbilia Baba alimfikia. Miwani ilikuwa mkononi, macho mekundu. Alimshika bega, yeye ambaye wiki mbili nyuma alimpa vidole viwili vya kusalimia.

"Pale kwenye ngazi," Baba alisema. "Pale hukuiachia mashine."

"Hapana, mzee."

"Nimeona. Nilikuwa nahesabu vitetemo vya kidevu nikakosa hesabu." Akageuka kwetu, uso unamng'aa kama kijana. "Nimeshindwa, na sitalisema mara mbili. Yule mama ni mtu kabisa. Nilikaa mle ndani najiuliza, huyu nimemwona wapi, huyu nimemwona wapi. Mnajua ilivyo tabu kumtazama binadamu namna ile? Mimi nimejaribu maisha yangu yote."

"Kweli, mzee wangu," Mama alisema, akinitabasamia mimi. "Hata mimi nimelia."

"Basi mwanangu," Baba alimwambia Bwana Mashine. Mwanangu, sikuwahi kulisikia neno hilo likimwendea. "Wazee wako waje lini?"

Wote wakanitazama. Mwanamume niliyempenda alinitazama, na usoni mwake niliona kwamba nikisema ndiyo atanioa. Atanioa, atakuwa mume mwema, hatanikosea hata siku moja. Nilimwona Dada akipikia wageni harusini, akipanga viti, watu wakimsifu. Ningekuwa na mume wangu kila siku ya maisha yangu, mwanzo na mwisho vyote vyangu. Nilihitaji kusema siku tu. Ningetaja Jumamosi yoyote.

"Muulize Dada, Baba," nilisema.

Baba alicheka, mikono kiunoni, mtu aliyekwisha kusamehe dunia nzima.

"Kwani anayeolewa ni Dada?"

Alicheka peke yake. Akamtazama Dada, akamtazama Bwana Mashine, na yeye ambaye hajui kitu kingine ila kutazama watu, akaacha kucheka.